Sauti Iliyotoka kwa Ugbad Maziwa

Ukitaka kumjua Ugbad Gelle usianzie ofisini kwake. Pale utamkuta mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, hedifoni juu ya hijabu, kikombe cha chai ya iliki mkononi, akisikiliza wanaume wakitukanana, nawe utamdhania mpole. Anzia sokoni, kwa wauza maziwa ya ngamia. Uliza tu Ugbad Maziwa ni nani, utakalishwa juu ya mtungi uliopinduliwa upewe visa vyake mpaka adhuhuri, vingine vimetiwa chumvi hadi vinawasha. Hiki cha harusi ya binti yake hakihitaji chumvi. Mwenyewe hukisimulia bila haya, na wakati mwingine hata bila kuombwa.

Miaka kumi na mmoja aliuza maziwa mjini Garissa. Yalikuja alfajiri kutoka upande wa Fafi, mitungi ishirini ya nyumba ishirini, na kila nyumba ilikuwa imefunga kitambaa cha rangi yake kwenye mkono wa mtungi. Kitambaa hicho si pambo. Maziwa ya nyumba ishirini yakishamiminwa pipa moja, hujui tena ya nani yalikuwa mabaya. Kwa hiyo muuzaji hunusa mdomo wa kila mtungi kabla ya kumimina, na mteja akija kulalamika habishani naye, bali huvifuata vile vitambaa kimoja kimoja mpaka aifikie nyumba yenye kosa. Halafu kuna sheria ya pili, na hii ndiyo chungu. Aliyeuza maziwa yaliyoharibika huwazungukia wateja wake kwa miguu yake, mlango hadi mlango, akayamwaga mbele yao na kuwapa mengine. Akijificha akingoja wasahau, biashara yake haimalizi wiki.

Katika miaka hiyo hiyo alisoma chuo jioni, yeye na diploma yake upande mmoja wa meza, bintiye Hamdi na darasa lake la nane upande wa pili, wakigombania kifutio kimoja. Alipomaliza, watu walimuuliza karatasi hiyo itamsaidia nini, maana ngamia hawasomi. Akawajibu kwamba hata wao hawasomi na bado wanaishi vizuri. Ndivyo alivyo, mdomo hauna breki, na kumbuka hilo, maana litatufaa mbele.

Basi akatokea Keynan. Keynan ni kijana wa miaka thelathini na moja, kalelewa Eastleigh, ana shahada ya udaktari juu ya maneno ya siasa, na hawezi kufunga kikoi kikakaa. Alikodisha vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, akaweka kompyuta nne na feni moja, akatangaza nafasi za watafiti. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza yanayosemwa mitandaoni na wanasiasa, wapambe wao na wenye itikadi kali wanaowinda vijana, kisha kuandika kwenye jedwali: nani amesema, amemsemea nani, kuna chuki au hakuna, na maneno yamesambaa vipi. Waliokuja kwenye usaili walikuwa vijana wa suti. Keynan akawachezea sauti ya mtu aliyejiita mchungaji wa Rhamu, anayewahimiza vijana washike silaha kwa ajili ya malisho yao. Mmoja akazungumzia sheria, mwingine akazungumzia dini, wa tatu akasema Kiingereza kirefu. Ugbad akasikiliza mara moja tu.

"Huyu hana mifugo," akasema.

"Umejuaje?" Keynan akamuuliza.

"Amesema dakika nne juu ya malisho na hajataja mvua."

Ikabidi amweleze, maana mtoto wa Eastleigh angejua wapi. Kwa watu wa mifugo mgeni hamwagi habari ovyo. Huambiwa "warran", yaani toa habari, naye huzitoa kwa mpango: amani kwanza, kisha amelala wapi, kisha mvua imenyesha wapi, ameiona mwenyewe au ameambiwa, na kama ameambiwa, na nani. Ndipo yafuate mengine, hata kama ni msiba. Mtu aliyekulia nyuma ya ngamia hawezi kutaja kisima asitaje mvua, ulimi wenyewe utamkatalia. Keynan akaandika maneno hayo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, na Ugbad akapata kazi.

Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alijibizana na simu kama vile wale wasemaji walikuwa wanamsikia. Mwanasiasa akiahidi barabara, humwambia, "Ulituahidi hiyo hiyo mwaka ule, umesahau?" Mchochezi akianza na aya tukufu ili amalizie na fitina, humkemea mpaka feni inanyamaza. Waliomzunguka walikufa kwa kicheko. Lakini alama alizoweka kwenye jedwali, kijani kwa siasa za kawaida, njano kwa matusi, nyekundu kwa uchochezi, hazikuwahi kukosolewa na mtu.

Sasa tuje kwenye harusi. Mwaka huu, mwezi mmoja baada ya Idi, Hamdi alikuwa aolewe na Ayanle, daktari wa mifugo kutoka Bura. Hamdi ni muuguzi, ana miaka ishirini na minne na ulimi wa mama yake. Koo zao mbili hazijawahi kupigana wala kupendana sana, zilisalimiana tu kwa heshima, kwa hiyo wazee wa pande zote walikuwa wameifurahia ndoa ile kuliko hata maharusi. Mbuzi walishachaguliwa. Nyirinyiri, ile nyama kavu ya vipande vidogo, ilishakaangwa na kuzamishwa kwenye samli. Zilibaki siku kumi na mbili.

Jumatatu asubuhi Ugbad akakuta sauti kwenye TikTok, kwenye akaunti isiyo na jina la mtu, yenye picha ya mwewe. Dakika moja na nusu. Mwanamume mwenye sauti nzuri ya kuhutubia alianza na bismillahi, akasema watu wa Bura wamefunga bwawa lao la maji kwa ngamia wa watu wa Garissa, wamempiga mchungaji mpaka akalazwa, na kwamba uchaguzi wa mwakani unaanzia hapo bwawani. Msinunue kwao, akasema, msiwauzie, msiwape binti zenu, na atakayekutana nao njiani anajua la kufanya. Ugbad akaweka nyekundu. Kwenye safu ya maoni akaandika: hajataja mvua, mwongo. Kwenye safu ya watazamaji akaandika: arobaini na mmoja.

Hapo angevua hedifoni akanywe chai. Lakini yale maneno ya binti yalimchoma, maana alikuwa na binti mmoja tu na alikuwa anampeleka huko huko Bura. Uongo aliujua kuwa uongo, ila mama ni mama. Akawauliza watu wake watatu, kama alivyozoea tangu enzi za maziwa, wamesikia nini. Wote wakajibu hawajasikia kitu. Akatulia, akaenda kuonja pilau ya majaribio.

Jumatano Keynan akaingia ofisini akiwa amekunja uso. Wao hufuatilia makundi kumi na tisa ya WhatsApp ya watu wa huku. Ile sauti ya mwewe ilikuwa tayari kwenye makundi kumi na sita. "Eedo, hii imepata mbawa," akamwambia. Eedo ni shangazi, na Keynan alimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Ugbad akamlaani aliyeisambaza, yeye na simu yake na chaja yake.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Khalif, baba mdogo wa Ayanle, mtu mstaarabu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Akatoa habari kwa mpango wake.

"Dada Ugbad, huku ni amani. Nimelala nyumbani kwangu Bura. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, bwawa limejaa hadi kwenye uzio wa miiba, nimeliona asubuhi hii kwa macho yangu. Lakini wazee wamekasirika."

"Kwa nini, walaal, ndugu yangu?"

"Kuna sauti imetoka kwenu. Imetuita watu wa kufunga maji. Wewe ni mtoto wa mifugo, tusi hilo unalijua uzito wake. Kijana wetu hana shida, huyo hata ukimfunga kamba atakuja. Ila wazee wanasema hawapandi gari kwenda kula wali kwa watu wanaowasema hivyo. Wanataka waletewe mwenye mdomo. Wakimwona, tutakuja. Wasipomwona kufikia Jumatatu, harusi itangoja mpaka hasira iishe, na hasira ya wazee wetu huwa haina haraka ya kuisha."

Ugbad akasimama wima pale pale jikoni, mwiko mkononi. "Walaal Khalif, mdomo huo nitakuletea mimi mwenyewe. Wallahi, kwa mkono wangu."

Hamdi alikuwa amekaa mezani akisikia yote. Akautazama mkono wake. "Hooyo, mimi nimeshapaka hina ya majaribio," akamwambia mama yake. "Ikifutika bila harusi, nitakuja ofisini kwenu niwe sauti ya chuki, mniwekee nyekundu." Akacheka, halafu akaenda chumbani na mlango akaufunga polepole sana. Ugbad alipousikia mlango ule, akavaa viatu.

Alijua pa kuanzia. Maziwa yakiharibika unafuata vitambaa. Akamuuliza Khalif aliyemtumia sauti ile ni nani, Khalif akasema ni Abdilatif, dalali wa soko la mifugo. Abdilatif akapatikana Ijumaa baada ya swala, ameshika mbuzi kwa sikio, akiapa mbele ya mnunuzi kwamba ana meno yote. Alipoulizwa hakuficha. Sauti aliitumiwa na Bishara wa duka la vitambaa.

Ugbad akatoka pale akisema peke yake njia nzima, maana duka la Bishara ndilo lile lile lililo chini ya ofisi yao. Miaka miwili ametafuta uchochezi mtandaoni, kumbe umekaa chini ya miguu yake unauza madera. Akamkuta Bishara anapima kitambaa.

"Bishara, ile sauti ya Bura nani alikupa?"

"Qali wa maziwa," akasema Bishara bila kuinua macho. "Na mimi sisambazi upuuzi, unanijua. Qali alisema imetoka mahali pa kuaminika, kwa watu wa utafiti. Ndiyo maana nikawatumia wateja wangu wote, wajihadhari."

Watu wa utafiti. Ugbad akainua macho kwenye dari, na juu ya dari ile alikuwa amekaa Keynan. Akaanza kumshuku. Mtu asiyejua kufunga kikoi anaweza kufanya lolote. Ila sheria ni kumalizia kitambaa kilichobaki kabla ya kugombana na mtu, akaenda sokoni kwa Qali.

Qali ndiye aliyekuwa mshirika wake wa maziwa miaka ile yote, mwanamke mnene wa kicheko, na mitungi yake huifukiza moshi vizuri kuliko mtu yeyote Garissa. Alikuwa anaisuuza. Ugbad hata salamu hakumaliza.

"Qali, niambie ukweli. Nani kati ya watu wa utafiti alikupa ile sauti?"

Qali akamtazama. Akamtazama tena. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mtungi asianguke, akafuta mkono kwenye nguo na kutoa simu. Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Sauti ya dakika moja na nusu. Juu yake jina: Ugbad Maziwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Qali akasema.

"Lakini nilikuuliza! Sikiliza hapo chini, nilikuuliza umesikia hii, Bura kuna nini."

"Uliniuliza, nikakujibu. Swali lilikuwa langu mimi na wewe. Sauti nikaona ni ya watu wote. Kwani kosa langu nini? Miaka kumi na mmoja hujawahi kuniletea maziwa mabaya. Nikawaambia, imetoka kwa watu wa utafiti, ninyi kunyweni tu."

Ugbad akakaa chini, juu ya mtungi uliopinduliwa. Wale watu wake wawili wengine, alipowapigia pale pale, walikuwa wamefanya hivyo hivyo. Kila mmoja alibaki na swali, akasambaza sauti, na kila mmoja alisema, kwa heshima kubwa, imetoka kwa watu wa utafiti. Aibu ilimpanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Yeye ndiye aliyenusa, akajua yameoza, kisha akayamimina mwenyewe kwenye pipa la mji mzima.

Alirudi ofisini akamweleza Keynan yote, moja baada ya jingine. Kulikuwa na karatasi ya kanuni ambayo kila mtafiti aliitia sahihi, na kanuni ya kwanza ilisema kwamba kilichokusanywa hakitoki nje ya ofisi.

"Eedo," Keynan akasema, "tunaweza kuwaambia wazee ukweli mwingine. Chanzo ni ile akaunti ya mwewe. Hiyo si uongo. Wewe ni mtu tu ambaye sauti imempitia njiani, kama wengine. Harusi inafanyika, kazi yako inabaki, mradi haupati jina baya. Sote tunalala."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtesa. Angeweza kwenda Bura na picha ya mwewe kwenye simu, wazee wangemlaani mwewe, wali ungeliwa, na Qali angefunga mdomo wake, kwa taabu, lakini angeufunga. Ugbad akamfikiria Hamdi na ule mlango uliofungwa polepole. Akafungua jedwali, akashuka hadi Jumatatu, akaweka kidole.

"Soma hapo, Daktari."

"Watazamaji arobaini na mmoja."

"Huyo mwewe aliwasemea watu arobaini na mmoja, na nusu yao walikuwa wanapitisha kidole tu. Waliobaki wote niliwasemea mimi. Wazee wameomba mdomo, na nimeapa kuupeleka. Ukitaka kunifukuza, nifukuze Jumatatu. Jumapili nina safari."

Keynan akajikuna ndevu. "Una gari?" akamuuliza.

"Sina."

"Basi nitakupeleka. Lakini nikikwama kwenye matope, usinicheke."

Alikwama mara mbili, na alichekwa mara zote mbili. Qali naye alikuwa amepanda, akisema mtungi mbaya ulipitia kwake kwa hiyo hawezi kukaa mjini akanywa chai, na amebeba mitungi miwili ya maziwa mazuri ya asubuhi ile. Katika kusukuma gari Keynan alipoteza kiatu kimoja kwenye tope jekundu, hakikuonekana tena. Aliingia Bura peku kwa mguu mmoja, daktari mzima.

Na Bura ilikuwa imependeza. Majani yalikuwa yametoka, ndama wa ngamia wanarukaruka bila sababu, maji yametanda bwawani hadi kwenye miiba kama alivyosema Khalif. Ugbad akaomba gari lisimame kwanza hapo. Akashuka, akatembea mpaka ukingoni, akaangalia alama za moto kwenye ngozi za ngamia waliokuwa wanakunywa. Tatu kati ya zile alama zilikuwa za nyumba za Garissa. Akamsalimia mchungaji wao, kijana mzima mwenye meno yote, akamuuliza kama amepigwa. Kijana akamuuliza yeye kama ana homa.

Wazee tisa walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwa Khalif, nyuso zimefungwa. Mkubwa wao alikuwa Mursal, kaka yake Khalif, mtu mwenye majivuno na hasira za karibu, ambaye ndiye aliyesema mwanzo kwamba hapandi gari. Hakumkaribisha kwa tabasamu.

"Warran," akasema tu.

Ugbad akavua viatu, akaketi mbele yao. Alikuwa anaogopa kweli, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya Hamdi. Akajibu kwa mpango.

"Ni amani. Nimelala Garissa. Njia nzima ina mvua, nimeiona, na huyu kijana amevuliwa kiatu nayo. Bwawa lenu limejaa. Ngamia wa Garissa wanakunywa humo, nimehesabu nyumba tatu kwa macho yangu, na mchungaji wao ni mzima, nimeongea naye. Yaliyosemwa juu yenu ni uongo."

"Na aliyeyasema ni nani?" Mursal akauliza.

"Simjui, mzee. Hana uso. Ila amezungumzia bwawa na hajataja mvua, kwa hiyo hana hata mbuzi mmoja."

Mzee mmoja mwisho wa mkeka akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani yake. Mursal hakucheka.

"Tuliomba mwenye mdomo."

"Ndiyo nimemleta. Uongo ulikuwa umelala mtandaoni kwa watu arobaini na mmoja. Mimi ndiye niliyeuleta mjini. Nilitaka kuuliza tu, nikautuma pamoja na swali, watu wakaacha swali wakachukua uongo, na wakauamini kwa sababu ya jina langu. Mdomo uliowatukana ni huu. Ya kumwaga nimeyamwaga mbele yenu. Qali, wape maziwa mapya."

Qali, ambaye kimya humuuma kama njaa, akaanza kumimina, na mlio wa maziwa kwenye vikombe ukawa ndio mlio pekee uani. Mursal akapokea chake. Akanusa, akanywa, akajifuta masharubu. Akamtazama mama yule aliyetoka mjini kuja kujishtaki, akamtazama daktari wa kiatu kimoja aliyesimama nyuma yake. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nina miaka sabini na minne," akasema alipopata pumzi. "Nimeona watu wakileta mwizi, wakileta mwongo, wakileta shahidi. Sijaona mtu akijileta mwenyewe na maziwa juu."

Hapo uani pote pakaangua kicheko, na Khalif mstaarabu akacheka mpaka kofia ikamtoka. Lakini wazee ni wazee, lazima watoze faini. Wakashauriana kidogo, wakamtoza mambo mawili. La kwanza, aitume habari sahihi kwa njia ile ile iliyopita habari mbaya, kwa sauti yake na jina lake. La pili, siku ya harusi, kwenye ngoma ya wanawake, aseme kosa lake kwa buraanbur, lile shairi ambalo wanawake hulitoa harusini wakipokezana, wanawake wote wa Bura wakisikia.

La kwanza alilimaliza pale pale. Akashika simu, akatoa habari kwa mpango wake, amani, mahali, mvua, ngamia wa nyumba tatu, halafu kosa lake lote bila kupunguza. Mwisho akasema, "Ukimtumia mwenzako, itume nzima, na useme imetoka kwangu." Akamtumia Qali aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, Qali akamtumia Bishara, Bishara akamtumia Abdilatif na wateja wake wote. Kufikia Alhamisi Keynan aliikuta kwenye makundi yote kumi na tisa, yakiwemo matatu ambayo uongo haukuwahi kufika. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na viatu vipya, akitikisa kichwa. Watu hawajazoea kumsikia mtu mzima akisema nimekosea, wakaituma kama muujiza. Kumfukuza hakumfukuza. Alimwandikia onyo kama kanuni zilivyotaka, akamletea mwenyewe kwa mikono miwili, kisha akamwomba amsaidie kuandika sura mpya ya ripoti, juu ya mtafiti anayeeneza anachokitafiti.

Jumamosi yalikuja magari matano kutoka Bura badala ya manne yaliyopangwa. Mursal alikaa mbele kwenye la kwanza, amevaa macawisi, kikoi kipya kabisa, na aliposhuka alimwuliza kila mtu kama yeye ndiye mwenye mdomo. Ndani kwa wanawake ngoma zikapigwa, uturi ukatanda, na Ugbad akasukumwa katikati akiwa na dera la buluu la duka la Bishara. Akafunga shela kiunoni, akatoa sauti.

"Mitungi ya watu nimenusa, miaka kumi na mmoja nimenusa,
simu yangu mwenyewe, wanawake, hata siku moja sikuinusa.
Nilimtafuta mchochezi sokoni, nilimtafuta kwa mbuzi,
nikamkuta amevaa viatu vyangu, anakunywa chai yangu.
Watu wa Bura, bwawa lenu nimeliona, limejaa na liko wazi,
na mimi nimewaletea langu lililojaa, mchukueni Hamdi."

Wanawake wa Bura walipiga vigelegele mpaka wanaume wakachungulia. Mmoja akaingia katikati akamjibu kwa beti zake, akimwambia mdomo kama huo ni mali, waachie na wao kidogo. Hamdi kwenye kiti chake alicheka hadi wanja ukamshuka mashavuni, akalazimika kupakwa upya mara mbili. Alipofika kwenye neno la mwisho, jina la binti yake, Ugbad alilia, akaimba huku analia, na hakuna aliyeona ajabu.

Wiki tatu zimepita. Leo asubuhi Ugbad alikuwa ofisini, hedifoni kichwani, anagombana na mheshimiwa fulani juu ya barabara, simu yake ilipotetemeka. Ilikuwa sauti ya Hamdi.

"Hooyo, ni amani. Nimelala nyumbani kwangu Bura. Jana alasiri imenyesha, nimeiona mwenyewe, na nimelowa nikikimbiza ndama wa mama mkwe. Bwawa bado limejaa." Hapo, ukisikiliza vizuri, unamsikia anacheka. "Mengine ni kwamba Ayanle hajui kupika chai, lakini anajaribu."

Ugbad akaisikiliza mara tatu. Binti wa mjini, muuguzi, ambaye hajawahi kuchunga hata kuku, alikuwa ametoa habari mvua ikiwa mbele. Akavua hedifoni na kujifuta macho kwa ncha ya shela.

"Nyekundu?" Keynan akamuuliza kutoka meza ya pili, amepata wasiwasi.

"Hii si ya jedwali," akamwambia.

Kidole kilishafika kwenye jina la Qali. Kikasimama. Akarudi kwa Hamdi, akamwandikia: naweza kumsikilizisha Qali? Jibu halikukawia.

"Mtumie, Hooyo. Ila mwambie imetoka kwangu."